Land Rover inagonga mlimani, ukirudisha dilko inakosa nguvu: shida iko wapi?

Swali: Shikamoo mjomba. Nipo Newala, nina Land Rover Series III 109 ya petroli aliyoacha marehemu babu. Juzi juzi nilibadilisha pointi, kondensa na rota, fundi akaiseti taiming kwa kusikiliza, ikawa inanguruma vizuri sana pale nyumbani. Lakini kutoka Masasi kupanda huku na mzigo ikaanza kugonga, maji yakachemka, na nikiizima ikiwa ya moto nikitaka kuwasha stata inakwama kama inasukumwa irudi nyuma. Fundi wa pili akageuza dilko upande wa pili, kugonga kumeisha ila sasa haina nguvu, nikishuka mlima eksozi inapiga mabomu na usiku bomba pale karibu na injini linakuwa jekundu. Wa tatu anasema tufungue silinda hedi. Msimu wa korosho unakaribia, sina taa ya taiming wala mashine yoyote. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba mpwa wangu, pole na mahangaiko na Mungu amrehemu babu. Neno la kwanza, silinda hedi isifunguliwe. Hujasema maji yanapungua bila kuvuja, hujasema oili imepauka, hujasema inatoa moshi mweupe muda wote hata ikishapata moto, sasa hedi inafunguliwa kwa kosa gani? Kwenye hizi injini ukifungua hedi bila sababu unanunua gasketi, unahangaika na bolti zilizokaa humo miaka na miaka, afu ukifunga taiming, yaani wakati wa plagi kurusha moto, iko vilevile na mlima uko palepale.

Ila kwenye swali lako kuna kitu kikubwa sana, sijui kama mwenyewe umekiona. Dilko, kile chombo kinachogawa moto kwenye plagi, likiwa limewahi gari inagonga, likichelewa gari inakufa nguvu, na katikati hapo hakuna fundi aliyekuta mahali pazuri. Injini ikiwa na dilko zima lazima katikati pawepo pazuri, tena sio padogo. Pakikosekana, kinachotafutwa sio dilko ligeuzwe wapi, kinachotafutwa ni dilko lenyewe kwa ndani lina nini, au alama za kwenye puli mnazozitazama kama zinasema kweli. Mimi kwa dalili zako nashuku zaidi ndani ya dilko, na nitakueleza kwa nini, halafu nikupe namna ya kujua mwenyewe hapo hapo uani kwa balbu, waya na fila ile ya kupimia gepu, bila mashine.

Tuanze na huyu fundi wa kwanza maana wapo wengi wanaofanya hivyo. Anawasha gari, analegeza klempu inayoshika dilko, anazungusha dilko taratibu mpaka injini inanguruma kwa kasi zaidi, hapo anakaza, anakwambia tayari. Ni kweli injini ikiwa kwenye sailensa, yaani inanguruma taratibu gari imesimama, bila mzigo inapenda moto uwahi, ukiiwahisha inachangamka, inapanda mizunguko, kila mtu uani anafurahi. Lakini huo uwahi unaoifurahisha ikiwa imesimama ndo huo huo unaoiumiza ikiwa na magunia nyuma, gia ya tatu, mguu umekanyaga mpaka chini na mlima uko mbele. Sikio linasaidia mwisho wa kazi, kule barabarani, sio mwanzo.

Sababu yake ni hii. Petroli na hewa vikibanwa na pistoni havilipuki papo hapo, vinaungua, na kuungua kunachukua elfu chache za sekunde. Kwa hiyo plagi inarusha moto kabla pistoni haijafika juu kabisa, ili mgandamizo mkubwa uje pistoni ikiwa imeshageuka na kuanza kushuka. Sasa chukua sailensa ya mizunguko 700 kwa dakika, mzunguko mmoja wa krenki unakula karibu elfu 86 za sekunde, kwa hiyo digrii 6 ni kama elfu moja na nusu hivi. Ukikimbia mizunguko 3000, mzunguko mzima ni elfu 20 tu, digrii 6 zile zile zinakuwa theluthi moja ya elfu ya sekunde, muda huo hautoshi kitu. Ndo maana ndani ya dilko kuna vyuma viwili vya uzito na springi zake, injini ikikimbia vinatanuka na kuwahisha moto vyenyewe, ikitulia vinarudi. Halafu ubavuni kuna ile sahani yenye kipaipu cha kwenda kabureta, inawahisha zaidi ukiwa unaenda taratibu mguu mwepesi, ambayo kazi yake kubwa ni kuokoa petroli.

Haya sasa, vile vyuma vikiganda unapata nini? Moto unabaki palepale ulipowekwa kwenye sailensa. Ukiuweka mahali sahihi pa sailensa, gari inawaka vizuri ila ukikimbia moto unakuwa umechelewa, haina nguvu, mafuta yanaungulia njiani kwenda eksozi, bomba linakuwa jekundu, joto linaingia kwenye maji. Mtu akisema basi tuwahishe dilko ili ipate nguvu, huko juu inachangamka lakini chini inagonga na stata inapigwa kurudi nyuma kwa sababu moto unatokea pistoni bado inapanda. Soma tena ulichoniandikia uone.

Kwa hiyo kabla ya kugusa klempu, toa kava ya dilko, shika rota, kile kidude cha juu kinachozunguka kugawa moto, kwa vidole viwili. Kwenye injini yako rota inazunguka kinyume na mshale wa saa ukiitazama kwa juu. Ipinde taratibu kuelekea huko huko inakozunguka, itakubali kidogo, kisha iachie. Ikirudi yenyewe kwa haraka, vyuma viko huru. Ikibaki pale ulipoiacha, au ikirudi kwa kusitasita, au isipokubali kabisa kupinda, basi mgonjwa umempata. Gari iliyokaa sana bila kutembea, halafu na huku kwetu Kusini ambako mvua ikianza inanyesha kweli, na wale wa Mikindani na Lindi wanaoongezewa na chumvi ya bahari, kutu ndani ya dilko ni jambo la kawaida kabisa, kwa nje linang'aa kwa ndani limeshikana.

Kulisafisha sio kazi ya kutisha. Unatoa rota, unatoa pointi, zile zinazofungana na kuachana kukata umeme wa koili, na ile pleti yake, chini yake utaviona vyuma viwili na springi mbili. Osha kwa petroli na brashi ndogo, kausha, weka tone la oili nyepesi ile ya cherehani kwenye vile vipini vinavyozungukia vyuma, usijaze. Zile springi usizivute wala kuzibadilisha na springi ya kitu kingine, mara nyingi moja imelegea na nyingine imekaza na ndivyo zilivyotengenezwa, moja inaanza kazi mapema nyingine inashika baadaye, ukiziona zimetofautiana usidhani moja imechoka. Juu ya shafti, chini ya rota, kuna mahali pa kuweka matone mawili ya oili ili mhimili wa kamu, ile sehemu yenye pembe inayofungua pointi, usigande tena. Ukirudisha pleti angalia kale kawaya kadogo ka ethi kanakounga pleti na bodi ya dilko. Kenyewe kanapinda kila pleti inapocheza na kanakatikia ndani ya kitambaa chake bila kuonekana, kakikatika gari inamisi, inazima, inawaka tena, na mtu anabadilisha koili bure.

Ukiwa umeshika dilko hivyo jaribu pia shafti, isukume kushoto kulia. Ikicheza sana bushi zimekwisha, nitarudi huko.

Sasa pointi. Kwa dilko la Lucas la hiyo gari gepu ni milimita 0.35 hadi 0.40, pima pointi zikiwa juu kabisa ya pembe ya kamu, na fila ipite kwa kugusa sio kwa kusukuma. Nasema pointi kabla ya taiming na sio baada, hii ni sheria, kwa sababu ukibadilisha gepu umebadilisha na taiming hata kama dilko hujaligusa: gepu likiwa kubwa pointi zinafunguka mapema na moto unawahi, gepu likiwa dogo moto unachelewa. Anayeseti taiming kwanza halafu akaja kurekebisha pointi ameharibu kazi yake mwenyewe. Na pointi mpya kile kisigino chake kinachosugua kamu kinalika haraka siku za mwanzo, hasa kama fundi hakupaka grisi kidogo sana kwenye kamu, kwa hiyo gepu linajifunga na moto unachelewa taratibu bila mtu kugusa kitu. Kama hizo zako zimeshatembea tangu zifungwe zipime upya leo, sitashangaa ukizikuta zimebana.

Ukiwa hapo tazama nyuso za pointi. Zikiwa zimeungua nyeusi au moja imechimbika na nyingine imeota kilima, na ndo kwanza mpya, kondensa ni mbovu au ni feki. Na ile rota mpya pia isiachwe bila kupimwa, kuna rota za siku hizi zenye rivet katikati ambazo moto unavuja kupitia kwenye hiyo rivet kwenda kwenye shafti. Zima gari, kava ikiwa nje, shika waya mkubwa wa koili kwa koleo lenye mpira mzuri, ncha yake iwe milimita chache juu ya katikati ya rota, mtu azungushe stata. Ukiona cheche inaruka kuingia kwenye rota, hiyo rota inavuja, tupa, rudisha ya zamani kama hujaitupa. Isiporuka rota nzima. Usishike huo waya kwa mkono mtupu tafadhali.

Haya, tumemaliza ndani ya dilko, twende kwenye alama. Series III zimetoka kuanzia 1971 hadi 1985 na nyingi zilizobaki huku zimeshabadilishwa hiki na kile, kava la taiming la gari nyingine, puli ya nyingine, kwa hiyo alama ya puli naiamini baada ya kuihakiki. Kuihakiki kunahitaji plagi moja ya zamani. Ivunje ile kaure ya ndani, ipitishie bolti ndefu yenye mdomo wa mviringo, ikaze isicheze. Toa plagi zote nne, weka gia huru, handibreki, chomoa waya wa betri ili mtu asije akagusa stata. Pistoni namba moja, yaani ile ya mbele karibu na rejeta, iwe chini, kisha funga hicho kizuizi chako kwenye tundu lake. Zungusha injini kwa hendeli ya kuwashia polepole kabisa, kwa mkono mmoja, mpaka pistoni iguse bolti na kusimama, usilazimishe. Piga alama ya chaki kwenye puli mkabala na mshale ulioko kwenye kava la taiming. Zungusha kurudi nyuma kwa kuishika puli na feni mpaka iguse tena upande wa pili, piga chaki nyingine. Katikati kabisa ya chaki mbili ndo TDC, yaani pistoni imefika juu kabisa. Kama alama ya kiwandani inaangukia hapo, vizuri, sasa unaiamini. Kama iko pengine, futa, chora yako kwa rangi nyeupe. Usitumie bisibisi wala kijiti kwenye hizi injini, tundu la plagi limelala upande, kijiti kinapinda kinakatikia ndani, halafu hapo ndo utafungua hedi kweli.

Digrii 6 utazipataje bila kipimo? Zungushia uzi kwenye puli mara moja, kata, pima urefu wake kwa rula, gawa kwa 60. Duara lina digrii 360, kwa hiyo sehemu moja ya 60 ni digrii 6 kamili. Uzi ukiwa milimita 480, basi digrii 6 ni milimita 8. Pima hizo milimita kutoka alama ya TDC, upande ambao utafika kwenye mshale kabla ya TDC injini ikizunguka kawaida, chora. Digrii 6 kabla ya TDC ndo wengi wanaanzia kwa hizi injini za lita 2.25 zenye mgandamizo wa 8:1. Kama ya babu ni ile ya 7:1 fuata kitabu chake, huwa uwiano umepigwa kwenye bloku pamoja na namba ya injini, pasugue pale uchafu utoke usome.

Kuseti kwenyewe sasa. Toa kile kizuizi, usikisahau humo. Ziba tundu la namba moja kwa kitambaa au kidole, zungusha hendeli kwa kufuata mshale wa saa ukiwa umesimama mbele ya gari. Hewa ikisukuma kitambaa, hapo namba moja inabana, endelea taratibu mpaka alama yako ya digrii 6 ije kwenye mshale. Ukipitiliza usirudi kidogo tu, rudi nyuma sana kisha uje mbele tena, cheni ya taiming ina ulegevu na ukiikaribia alama kwa kurudi nyuma utaseti uongo. Uhakika mwingine ni kutazama valvu za namba nne kama kava ya rokari iko wazi, zinakuwa zinabadilishana, moja inafunga nyingine inaanza kufungua, ukiona hivyo namba moja ndo yenye mgandamizo. Angalia rota imeelekea wapi, waya uliopo hapo kwenye kava ndo wa namba moja, kutoka hapo panga 1, 3, 4, 2 kinyume na mshale wa saa.

Chukua balbu ya volti 12, ndogo ya taa ya kuegesha inatosha, waya mmoja kwenye ile nati ya koili inayokwenda kwenye dilko, mwingine kwenye ethi, chuma kisafi cha injini. Rudisha betri, washa swichi. Pointi zikifungana balbu inazima, zikiachana balbu inawaka, na pale zinapoachana ndo moto unapotokea kwenye plagi. Legeza klempu, geuza bodi ya dilko kinyume na mshale wa saa mpaka balbu izime, kisha irudishe kwa mshale wa saa polepole sana mpaka balbu iwake tu. Simama hapo hapo. Kaza. Ukigeuza bodi kwa mshale wa saa unawahisha, kinyume chake unachelewesha, andika hiyo kwa kalamu kwenye ukuta wa gereji yako maana watu wengi wanaichanganya. Halafu usiache swichi inawaka muda mrefu pointi zikiwa zimefungana, koili inapata moto.

Ukishakaza zungusha hendeli mizunguko miwili mizima. Balbu lazima iwake alama inapofika kwenye mshale, sio kabla sio baada. Na katikati ya hiyo mizunguko miwili, baada ya mzunguko mmoja, alama itapita tena kwenye mshale na hapo ni zamu ya namba nne. Tazama balbu inawaka wapi kwa namba nne. Kipimo hiki nakipenda kuliko vyote na sijui kwa nini hakifanywi, maana hakina gharama. Namba moja na namba nne zinatakiwa ziwashe balbu mahali pamoja. Zikipishana milimita moja kwenye puli, yaani chini ya digrii moja, sawa, tunaishi nayo. Zikipishana milimita tatu nne, shafti ya dilko inayumba au kamu imelika, na hapo utaelewa kwa nini gari haikuwa na mahali pazuri: ukiseti vizuri namba moja, nyingine inakuwa imewahi kiasi cha kugonga na nyingine imechelewa. Hakuna sikio wala taa ya bei mbaya itakayotibu hicho kitu kwa kugeuza dilko.

Hapo hapo pima na cheni. Mtu azungushe injini mbele kwa hendeli kisha airudishe nyuma kidogo kidogo kwa kushika puli na feni, wewe ukitazama rota. Puli ikirudi kipande kizima rota haijatikisika, cheni imerefuka. Sio ya kubadilisha leo, gari itatembea, ila ujue taiming ya injini hiyo haitakuwa imetulia kamwe na kwenye bajeti yako ya baada ya msimu uiweke.

Kipaipu cha sahani ya ubavuni, kivute upande wa kabureta, nyonya kwa mdomo huku kava ya dilko iko nje. Pleti ya pointi ikisogea na ukaziba kwa ulimi ikabaki imesogea, sahani nzima. Ukivuta hewa tu kama unavuta kwenye bomba tupu, imetoboka. Ikitoboka gari haiwezi kugonga kwa sababu hiyo wala kukosa nguvu mlimani, itakunywa petroli zaidi kwenye tambarare, kwa hiyo kama hela ni ya kubana hii subirisha, ila ziba kipaipu ili kabureta isivute hewa ya uongo. Na kama kabureta ya asili ilishatolewa ikawekwa ya gari nyingine, angalia kipaipu hakijafungwa mahali ambapo kinanyonya muda wote hata kwenye sailensa, hiyo inawahisha moto na kukuchanganya vipimo vyote.

Ukimaliza hayo funga, washa, acha ipate moto, halafu ndo uende barabarani, na hapo sikio lako linaanza kazi. Weka mzigo wa wastani usiwe ule wa msimu. Tafuta mlima, huko kwenu mnayo ile ya kupanda kutoka Masasi haina mjadala, gia ya tatu, mwendo mdogo, kanyaga mpaka chini usikilize. Kugonga kwa taiming ni mlio mkavu, mwepesi, wa haraka, kama mchele unamwagwa kwenye sinia la bati, unatokea ukikanyaga na unapotea ukiachia. Ukiusikia kidogo sana mwanzoni ukapotea injini ikichanganya, umekaribia mwisho, usiende mbele ya hapo. Ukiendelea kuusikia, chelewesha digrii moja au mbili, hiyo ni milimita moja na nusu hadi mbili na nusu kwenye puli ya mfano wetu, jaribu tena. Kumbuka dilko linazunguka nusu ya krenki, ukiligeuza digrii moja umehamisha mbili kwenye krenki, kwa hiyo geuza kwa unywele. Kama dilko lako bado lina kile kiskrubu cha kurekebishia kidogo kidogo tumia hicho usilegeze klempu. Na usiseme inagonga kidogo tu nitavumilia msimu uishe, huo mlio ni moto unaopiga kichwa cha pistoni kabla ya wakati, unavunja ringi na mwisho unatoboa pistoni, na utakutokea ukiwa na mzigo wa watu njiani.

Kabla ya kucheleweshea hivyo lakini jiulize petroli umenunua wapi. Kituo kinachokaguliwa ni kitu kimoja, petroli ya kwenye chupa na madumu pembeni ya njia vijijini ni kitu kingine. Ikichanganywa na mafuta ya taa nguvu yake ya kuhimili mgandamizo inashuka, gari iliyosetiwa vizuri kabisa inaanza kugonga. EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, walianza kuweka vinasaba, yaani alama ya kutambulisha mafuta halali, mwaka 2010 kwa ajili ya uchakachuaji huo huo. Fanya majaribio ya taiming kwa petroli unayoiamini, vinginevyo utahamisha dilko kufuata dumu la mtu.

Na ukiwa unatumia hendeli kuwasha, kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, usikumbatie. Injini iliyowahi inarudisha hendeli kwa nguvu za kuvunja mkono, na hiyo yako tayari umesema inapiga stata kurudi nyuma, kwa hiyo mpaka uimalize kuseti usiwashe kwa hendeli kabisa.

Ikitokea balbu inakubali namba moja na nne, rota inarudi vizuri, haigongi, ina nguvu, ila bado inachemka mlimani, hapo sasa achana na dilko uangalie maji: rejeta ikipoa gusa kwa kiganja uone kuna sehemu za baridi katikati zilizoziba, beliti ya feni, mfuniko wa rejeta kama unashika presha, na themostati kama kuna mtu aliitoa. Likiwa bado bomba ni jekundu taiming ikiwa sahihi, kabureta inatoa petroli kidogo, safisha jeti. Plagi weka gepu la 0.75 hadi 0.80.

Ikitokea namba moja na nne zinapishana, au shafti inacheza, usipande tena na mzigo. Piga alama kwenye bodi ya dilko na kwenye bloku, piga nyingine kuonyesha rota imeelekea wapi, kisha ling'oe lote bila kuzungusha injini, lipeleke kwa mtu wa leth, mashine ya kuchonga chuma, akutolee bushi mpya za shaba. Likirudi, kwa chini lina meno mawili ambayo hayako katikati kwa hiyo linaingia kwa njia moja tu, lisipokubali usiligonge, zungusha rota mpaka lizame lenyewe, halafu anza upya na pointi, balbu, kisha mlima.